Rafu ya Vitabu Arobaini na Vitatu: Kumuaga Bi. Loveday Polglase

Mheshimiwa Meya wa Trevannock, Bwana Petroc Trewin, Mchungaji Annis Rowe, Bi. Thirza Pengelly, Mwenyekiti wa Kamati ya Marafiki wa Maktaba, nahodha na wanamaji wa mashua ya uokoaji, mliokuja na viatu vyenu vya mpira kwa kuwa bahari haina adabu ya kuheshimu sherehe, wasomaji wetu, na nyinyi mliofuata harufu ya mikate ya zafarani, ambao ni wengi kuliko mnavyotaka ijulikane: nawasalimu nyote.

Leo, Ijumaa tarehe 28 Machi 2025, saa kumi na moja kamili jioni, Bi. Loveday Polglase anastaafu ukutubi baada ya miaka thelathini na tisa na siku ishirini na tano za utumishi. Katika muda huo amefanya kazi nyingi zilizoandikwa katika barua yake ya ajira, na moja isiyoandikwa. Zilizoandikwa nazitaja kwa heshima na kwa haraka: amepanga, ameazimisha, amekumbusha, amesamehe, na mara mbili amewazindua watu waliozirai karibu na kipasha joto. Ile isiyoandikwa ndiyo iliyotukusanya. Kwa miaka yote hiyo, Bi. Loveday amekuwa akituchagulia riwaya zinazosimulia upya habari za Mfalme Arthur, yule wa kale aliyechomoa upanga jiweni, ambaye mji huu unadai ni wetu.

Kazi hiyo inakoma naye leo, isipokuwa tukiamua vinginevyo. Saa hiyo hiyo ya kumi na moja tutakuwa ama tumeiokoa rafu yake, ama tumeiacha iende kwa watu wasiojua mvua yetu. Nitafika huko. Kwanza mnipe ruhusa nimsifu, maana yeye mwenyewe ameniomba nisimsifu, na hilo ni ombi lake la kwanza nililolikataa.

Bi. Loveday aliripoti kazini Jumatatu, tarehe 3 Machi 1986, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita na koti la kuazima. Mji huu ulikuwa tayari ukiishi kwa jasho la Mfalme Arthur zaidi kuliko kwa jasho lake wenyewe. Tulikuwa na bucha la Meza ya Duara, kinyozi wa Meza ya Duara, na choo cha umma kilichoandikwa kwa herufi za kifalme, ambacho mlango wake, kama upanga wa mfalme, ulimfungukia mtu mmoja tu katika kizazi. Tulichokuwa hatuna ni kitabu kimoja kizuri kumhusu.

Asubuhi hiyo ya kwanza aliingia mgeni kutoka mbali, mwenye kofia ya mvua na subira ndogo, akaomba kitabu cha kweli kuhusu Arthur. Bi. Loveday akampa riwaya saba, zote tulizokuwa nazo. Baada ya siku nne mgeni akazirudisha, akazibwaga mezani.

“Dada, hizi zinapingana! Humu mfalme ni mrefu, humu mfupi. Humu amekufa, humu amelala. Humu mkewe mwema, humu hafai hata kidogo. Ya kweli ni ipi?”

“Bwana wangu,” Bi. Loveday akamjibu, “ukitaka ukweli, ratiba za mabasi ziko kwenye rafu ile ya mlangoni. Nazo pia zisikutie matumaini.”

Mgeni akacheka, akakaa, akaomba basi ampendekezee iliyo nzuri. Hapo ndipo mkutubi wetu kijana alipogundua kwamba alikuwa hajui. Hadithi moja imesimuliwa na watu elfu. Nani amesema iliyo nzuri ni ipi, na kwa kipimo gani? Mtu mwingine angechukua likizo. Yeye alichukua msumeno.

Rafu mnayoiona nyuma yangu aliitengeneza kwa mbao za mlango wa kanisa dogo la juu kilimani lililobomolewa mwaka ule. Inabeba vitabu arobaini na vitatu. Si arobaini na vinne. Mimi mwenyewe nimewahi kujaribu kukisukuma cha arobaini na nne, nikaadhibiwa kwa kung'oka ukucha. Kutokana na ubao huo ikazaliwa sheria yake ya kwanza: kikiingia kimoja, kinatoka kimoja. Kila riwaya inayogonga mlango lazima iseme inamtoa nani kwenye kiti.

Vilivyotolewa havikutupwa. Vilipelekwa kituo cha mashua ya uokoaji, vikawaliwaze wanamaji wanaposubiri kengele. Hivyo wanamaji wetu wamekusanya hazina kubwa kabisa ya riwaya mbovu za Arthur upande huu wa mto Tamar, mpaka wetu wa Cornwall. Nahodha aliwahi kuniambia kwa uso mkavu kwamba vitabu vile vimeokoa maisha ya watu, kwa maana kengele ikilia hakuna anayetaka kumalizia ukurasa.

Sheria ya pili ilihusu majalada. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hakuna kitu duniani kinachojitembeza kama jalada la riwaya ya Arthur. Upanga unametameta. Mwanamke amesimama kwenye ukungu akiwa na nguo isiyofaa kwa ukungu. Nyuma ya kitabu, watu sita wasiojulikana wanaapa kwamba hawakulala siku tatu wakikisoma. Bi. Loveday aliamuru kila kitabu kipya kifungwe karatasi ya kaki, jalada lisionekane, jina la mwandishi lisionekane, viapo visionekane. Tangu mwaka 2003, nilipoajiriwa kuwa msaidizi wake, mfungaji nimekuwa mimi. Ndiyo kazi niliyoisomea miaka mitatu chuoni, ingawa chuoni hawakunieleza.

Sheria ya tatu ilikuwa ya chai. Kila Alhamisi saa tisa, kitabu kilichovuka kurasa thelathini mbele ya Bi. Loveday kilisomwa kwa sauti, ukurasa mmoja tu, mbele ya baraza la wasikilizaji watatu. Wa kwanza ni Mzee Digory Keast, aliyechimba mawe ya kuezekea kwa miaka arobaini. Wa pili ni Bi. Zillah Hosking, mjane wa mkulima, ambaye humwita kila mtu kipenzi, hata anayetaka kumnyonga. Wa tatu ni Bi. Thirza, Mwenyekiti wetu, aliyekuwa wakati huo mkuu wa posta. Hawakuwa na shahada. Walikuwa na maswali.

Mzee Digory aliuliza habari za mawe. Riwaya ikisema mfalme alichomoa upanga jiweni, yeye aliweka kikombe chini.

“Jiwe gani?”

“Imeandikwa jiwe tu, mzee.”

“Jiwe tu ni la wapi? Kama ni granaiti, huo upanga uliingiaje? Na kama ni la kuezekea, mbona halikupasuka? Huyu hajawahi kushika jiwe. Tupa huko!”

Bi. Zillah aliuliza habari za farasi. Alihesabu kwa vidole, kimya, huku msomaji akiendelea na vita, kisha mikuki ikiwa hewani akakatiza.

“Ngoja kwanza, kipenzi. Mashujaa mia mbili, sivyo? Kila mmoja na farasi wawili. Farasi mia nne ngomeni, majira ya baridi, na tangu sura ya kwanza sijasikia mtu hata mmoja akikata nyasi. Hao farasi wanakula nini? Mashairi?”

Naye Bi. Thirza aliuliza jinsi habari zilivyofika. Malkia ametekwa asubuhi huku pwani, na mfalme aliye safari ya siku tatu anajua kabla ya chakula cha mchana. “Nani kapeleka barua?” aliuliza. “Kwa mvua ile? Mimi nilikuwa na gari jekundu la posta, na bado Boscarn, kijiji cha jirani tu, nilifika kesho yake.”

Juu ya hayo Bi. Loveday aliongeza vipimo vyake viwili. Cha kwanza ni matope. Jeshi lolote litakalotembea siku tatu katika Cornwall bila kuzama hadi kwenye kifundo cha mguu, mwandishi wake hajafika hapa, na tena hajauliza. Cha pili ni malkia. Alihesabu mara alizoshusha pumzi na mara alizosema neno. Ninayo kumbukumbu ya riwaya moja nene ya mwaka 2009 ambamo malkia anashusha pumzi mara arobaini na moja na kuzungumza mara sita, mbili kati ya hizo akiwa usingizini. Bi. Loveday aliandika pembeni: “Huyu hahitaji kuokolewa na shujaa. Anahitaji daktari wa mapafu.”

Msidhani alikuwa na upendeleo wa nyumbani. Mkutubi mmoja wa Wales, mwanamke mpole mwenye mwandiko wa kutisha, alimletea kila Krismasi riwaya inayothibitisha kwamba Arthur ni wa kwao na kwamba sisi tulimwiba. Mwaka 1997 Bi. Loveday aliikubali mojawapo, akaitoa riwaya ya mtu wa hapa hapa ili ipate nafasi. Mji ulichafuka. Barua nane zilifika gazetini. Yeye akajibu kwa sentensi moja: “Matope yake ni mazuri, hata kama ni ya kwao.”

Ndugu zangu, nimefika kwa mtu ambaye bila yeye wasifu huu haukamiliki. Yuko safu ya pili, amevaa tai ya kijani, na anatazama sakafu. Ni Bwana Hedley Nancarrow, mhandisi mstaafu wa mifereji ya maji.

Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Bwana Nancarrow amecheza kwao miaka ishirini na sita. Mwaka 1999 alileta riwaya yake ya kwanza ya Mfalme Arthur, aliyoichapisha mwenyewe, nakala ishirini. Ilikuwa na ngome ya fuwele. Ikafungwa karatasi ya kaki, ikasomwa, ikakataliwa. Akaleta ya pili, yenye ngome mbili za fuwele. Ya tatu ilikuwa na mchawi anayepigana na radi kwa sura nzima, radi ikashindwa. Karatasi ya kaki iliyowaficha waandishi wakubwa wa dunia haikuweza kumficha Bwana Nancarrow; Bi. Loveday alimtambua kila mara ifikapo ukurasa wa pili, kwa mng'ao.

Hakuwahi kumkatalia kwa barua. Alimwita kwenye dirisha lake la kuazimishia, akampa chai, akamweleza. Nilikuwepo mara nyingi, nikijifanya napanga ramani.

“Bwana Nancarrow, katika ngome hii hakuna hata mfereji mmoja.”

“Ni ngome ya kichawi, Bi. Polglase.”

“Na watu mia tano ndani. Uchawi huo unaelekea wapi wakishakunywa maji?”

“Mama, hii ni hadithi ya mfalme!”

“Ndiyo. Na wewe peke yako katika mji mzima ndiye unayejua maji huelekea wapi.”

Alikasirika, akaenda, akarudi mwaka uliofuata na fuwele zaidi.

Sasa nawajibika kukiri kosa ambalo ni langu, na ambalo Bi. Loveday amelibeba kwa miaka kumi na tisa bila kunitaja. Mnamo Februari 2006 rundo la vitabu vya kufunga lilichanganyika mezani kwangu na rundo la nyaraka za halmashauri. Nikafunga karatasi ya kaki, kwa uangalifu wa hali ya juu, ripoti ya kurasa mia moja na themanini kuhusu mifereji ya bonde letu na mafuriko yake. Nikaiweka kwenye foleni ya Arthur.

Bi. Loveday akasoma kurasa thelathini. Zilieleza bonde, mto unaopanda bila kutarajiwa, daraja la mawe lililogombewa na matajiri wawili, na watu waliopandisha ng'ombe vyumba vya juu. Arthur alikuwa hajatokea. Akaniambia, macho yakiwaka, kwamba hatimaye amepata mwandishi asiye na haraka ya kumtoa mfalme. Alhamisi ikasomwa. Mzee Digory aliulizia jiwe la daraja, akaambiwa limetajwa, aina yake na machimbo lilikotoka, akavua kofia. Bi. Zillah alisikia idadi ya ng'ombe na uzito wa nyasi zao, akafuta jicho. Bi. Thirza alielezwa kwamba tarishi alizama hadi kiunoni na barua zikachelewa siku nne. “Huyu,” akasema, “huyu ni mtu.”

Ikapita kwa kauli moja. Ikakaa rafuni wiki sita ikiwa bado na koti lake la kaki, kwa kuwa ripoti haikuwa na jalada la kuonyesha wala jina la mwandishi, tukasema huo ni unyenyekevu. Iliazimwa mara tisa. Msomaji mmoja mwenye elimu, ambaye yumo humu na nitamsitiri, aliniambia kwamba Arthur yumo mwanzo hadi mwisho ila inabidi umtafute, na kwamba daraja ni nembo ya ufalme.

Bwana Nancarrow ndiye aliyetugutusha. Alikuja na riwaya yake ya nne mkononi, akasimama mbele ya rafu kuipima kwa macho nafasi yake, akakivuta kile kitabu cha kaki, akafungua. Uso wake ulibadilika rangi mara tatu.

“Bi. Polglase! Mnanicheza shere?”

“Kuna nini tena?”

“Hii ni ripoti yangu! Mifereji ya Bonde, juzuu ya kwanza! Mmeiweka hapa ili mji unicheke!”

Bi. Loveday akatoka nyuma ya dirisha, jambo ambalo hakulifanya hata kwa madiwani. Akachukua ripoti mkononi mwake, akaitazama, kisha akamtazama mwenyewe.

“Hii umeiandika wewe?”

“Mimi na bomba la kupimia kina.”

“Basi hakuna aliyekucheka, baba. Tumeisikiliza Alhamisi, Zillah akalia. Mwandishi tunayemtafuta miaka ishirini ni wewe, ila kila ukimwona mfalme unavua viatu vya matope na kuvaa vya fuwele.”

Ripoti ikaondolewa siku hiyo, kwa kuwa sheria ni sheria na Arthur hakuwemo. Bwana Nancarrow hakurudi miaka miwili. Aliporudi, aliendelea kukataliwa, lakini safari hii ilimchukua Bi. Loveday kurasa kumi kumtambua, halafu ishirini, na riwaya ya kumi na moja ilifika ukurasa wa sitini na mbili kabla ya fuwele moja, ndogo, kumponyoka. Kitabu kile kilisomwa hata kwenye chai. Mzee Digory alisema jiwe lake linaanza kuwa jiwe.

Hapo ndipo tulipokuwa mwezi Januari, barua ilipotufikia kutoka makao makuu ya maktaba. Iliandikwa kwa upole mwingi, ishara kwamba ilikuwa mbaya. Ilisema kwamba mkutubi akistaafu, rafu zote maalumu zitajazwa kutoka orodha moja, kufuatana na vitabu vinavyoazimwa zaidi kila mahali. Isipokuwa, ilisema, kama wanachama wa tawi watamthibitisha mchaguzi wa kujitolea mkazi wa hapa, katika mkutano wa hadhara, kwa kadi hamsini zilizo hai, kabla mkutubi hajaondoka kazini.

Mnajua maana yake. Maana yake ni yule mwanamke wa kwenye ukungu, nakala sita. Maana yake ni farasi mia nne wanaokula mashairi, katika mji ambao mgeni huja kutoka mbali na kuuliza iliyo nzuri ni ipi.

Bi. Loveday alituandikia bahasha. Aliifunga tarehe 3 Februari na kumpa Mwenyekiti, ndani yake jina la mtu mmoja anayeona anafaa kuchagua baada yake. Kisha akarudi kwenye foleni yake ya vitabu, akisema hataki kuacha mgeni mlangoni.

Kitabu cha mwisho cha foleni hiyo nilikifunga mimi. Alikisoma siku tatu, chote, jambo lisilo la kawaida yake. Ndani yake hakuna ngome. Kuna mto unaopanda. Kuna ng'ombe amenasa matopeni na watu kumi na wawili wanaovuta kamba, na wa mwisho kwenye kamba, anayeteleza zaidi ya wote, ni mtu mwenye koti ambalo asubuhi lilikuwa zuri. Hakuna anayemwita mfalme mpaka ng'ombe atoke. Malkia ndiye anayepanga wavutaji, naye anasema mengi. Chai ilipita bila swali hata moja, na hilo halijatokea tangu niajiriwe. Bi. Loveday akaandika juu ya kaki neno moja: Ndiyo. Akaniambia nichungulie chini ya kaki nione ni nani.

Alikuwa hajamtambua. Hata ukurasa wa mwisho alikuwa hajamtambua. Nilipomwonyesha jina, alikaa, akaomba maji, akacheka mpaka Bi. Zillah akaja kumpiga mgongoni.

Kisha Mwenyekiti akafungua bahasha, akasoma jina la mchaguzi mpya aliyependekezwa. Nalo pia lilikuwa Hedley Nancarrow. Mtu aliyekataliwa mara kumi na moja, aliandika Bi. Loveday, ndiye mtu pekee Trevannock anayejua sababu zote kumi na moja.

Hapo kicheko kikakoma, kwa kuwa iko sheria ya nne. Aliiandika mwenyewe mwaka 1991: mchaguzi asiwe na kitabu chake kwenye rafu. Inasemekana kitabu cha kwanza kuzuiwa na sheria hiyo kilikuwa chake, kimeandikwa kwa mkono kwenye daftari la hesabu. Sijawahi kumuuliza. Leo pia simuulizi.

Kwa hiyo Jumanne iliyopita nilipanda kilima hadi kwa Bwana Nancarrow na habari mbili njema ambazo haziwezi kukaa nyumba moja. Nilimweleza zote. Alibandika birika jikoni.

“Alisema ndiyo?” akauliza.

“Aliandika. Kwa wino.”

“Hakujua ni mimi?”

“Hakujua.”

“Basi nimelipata,” akasema. “Neno lile nimelingoja miaka ishirini na sita, sikujua kama lingeweza kubebeka mfukoni.” Akamimina chai. “Rafu ikienda makao makuu, kitabu changu kitakaa humo na nani? Na yule mwanamke wa ukungu? Sitaki. Niandikeni mchaguzi. Kitabu kipelekeni mashuani kwa wale wengine.”

Nilimletea Bi. Loveday jibu hilo. Alisema mambo mawili. Kwanza, kwamba kitabu alichokikubali yeye hakiendi mashuani, na nahodha anisamehe. Pili, kwamba miaka thelathini na tisa hajawahi kuchukua kitabu hata kimoja kwenda nacho nyumbani kiwe chake, na angependa kuanza leo. Kiko kwenye mkoba wake, pale chini ya kiti. Bado kina kaki. Anasema ataivua akifika.

Bi. Loveday, tunakushukuru. Ulitufundisha kwamba hadithi ya kale haizeeki ikisimuliwa na mtu anayejua mvua ilinyesha wapi. Tunakutakia asubuhi zisizo na kengele, mvua inyeshe ukiwa ndani, na vitabu unavyoweza kuviacha ukurasa wa pili bila kumwita mtu dirishani.

Mheshimiwa Meya, mabibi na mabwana: Kamati imekutana na kuamua kama ifuatavyo. Jina la Bwana Hedley Nancarrow linaletwa mbele yenu sasa hivi, mlithibitishe kwa desturi yetu, yaani kwa kuinua kadi ya maktaba juu ya kichwa. Zinatakiwa kadi hamsini zilizo hai. Humu ndani tumo watu themanini na mmoja, na sote tunaipenda maktaba. Nimewasikia mkisema hivyo tangu saa tisa. Kadi zilizo hai, kwa mujibu wa daftari nililolikagua mlipokuwa mkila, ni thelathini na nne.

Ni saa kumi na dakika ishirini. Bi. Loveday ni mtumishi mpaka saa kumi na moja, dirisha lake liko wazi, na ameshavaa miwani. Kazi yake ya mwisho ni kuwaandikisha. Mheshimiwa Meya, kadi yako ilikwisha mwaka 2011. Tafadhali uwe wa kwanza kwenye foleni. Mikate ya zafarani itagawiwa nyuma yake.